Kucheza gemu za mtandaoni ukiwa baharini: niliyojifunza ndani ya meli za kitalii

Kila nikianza mkataba mpya, kabla hata sijafungua begi, nashika simu na kutembea. Naanzia kabini kwetu, chini kabisa. Napita ile njia ndefu ya wafanyakazi ambayo meli nyingi zinazotoka Florida huiita I-95, kama barabara kuu ya huko, kisha napanda ngazi mpaka kwenye chumba chetu cha kulia, huku nikitazama alama ya waifai inavyopanda na kushuka. Natafuta mahali pa kuchezea na mwanangu.

Mimi ni mtu wa Likoni, Mombasa. Kazi yangu ni kutandika vitanda na kusafisha vyumba vya abiria, na mkataba mmoja huchukua miezi minane au tisa. Mwanangu ana miaka kumi na tatu, na kwa miaka minne sasa gemu ndiyo baraza yetu. Nikimpigia simu na kumuuliza habari za shule, hujibu "poa baba" na mazungumzo huishia hapo. Tukiwa ndani ya gemu husema yote: mwalimu aliyemkaripia, rafiki aliyehamia Voi, jino linalomsumbua. Ndiyo maana suala la intaneti ya melini nimelichukulia kwa uzito, nimelipima na kulilipia kwa jasho langu. Namwandikia baharia mwenzangu anayepanda kwa mara ya kwanza, na pia abiria anayesafiri na watoto wasioachana na simu.

Pingi kwanza, kasi baadaye

Mtu akinunua bando la melini huuliza kwanza lina kasi gani. Kwa video sawa, lakini kwa gemu hilo ni swali la pili. Gemu ikishapakuliwa hula data kidogo sana, kwa sababu kinachotumwa ni habari ndogo ndogo tu: umesimama wapi, umebonyeza nini, mpira uko kwa nani. La kuuliza ni hili: habari hiyo ikitoka kwenye simu yako, inachukua muda gani kufika kwenye seva, yaani kompyuta ya mbali inayoendesha gemu, na jibu kurudi? Muda huo ndio pingi, na hupimwa kwa milisekunde.

Kwa miaka mingi meli zilitegemea setelaiti zinazokaa juu ya ikweta, kilomita 35,786 kutoka duniani. Piga hesabu mwenyewe. Habari inapanda mpaka huko, inashuka mpaka kituo cha nchi kavu, jibu linapanda, jibu linashuka. Ni safari nne, karibu kilomita 143,000. Mawimbi ya redio huenda kilomita 300,000 kwa sekunde, kwa hiyo karibu nusu sekunde imeshapotea angani kabla seva haijafanya lolote. Ukiongeza njia ya nchi kavu na foleni ya maelfu ya watu waliomo melini, unaona pingi ya 600, 700, hata zaidi. Bando ghali haliwezi kupunguza umbali.

Kuna setelaiti za katikati, kilomita kama 8,000 juu, ambazo kwa hesabu ile ile hukupa milisekunde mia na kitu za angani. Halafu zikaja za Starlink, ambazo nyingi ziko chini ya kilomita 600. Hapo safari zote nne hazifiki kilomita elfu tatu, na muda wa angani unakuwa mdogo mno kuuhisi. Kampuni ya meli za kitalii ya Royal Caribbean ilitangaza mwezi Agosti 2022 kwamba inazifunga kwenye meli zake, na kampuni nyingine kubwa zikafuata. Hapo ndipo gemu za kasi, za risasi na za mpira, zilipoanza kuwezekana baharini. Kabla ya hapo mwanangu alikuwa akipiga kelele "baba umeganda!" kila dakika, nami kwangu naona nakimbia vizuri tu, kumbe ninachokiona kilishapita.

Basi jambo la kwanza ukipanda ni kujua meli yako inatumia nini. Nenda kwenye dawati la intaneti uulize moja kwa moja. Hiyo si siri. Kisha pima. Fungua programu ya kupima mtandao, achana na namba kubwa ya kasi, tazama ile ndogo iliyoandikwa pingi. Pima mara tatu kwa nyakati tofauti. Gemu kama PUBG Mobile huonyesha pingi kwenye kioo wakati unacheza, na namba hiyo ndiyo ya kuaminika zaidi kwa sababu inapima njia ya seva yenyewe ya gemu.

Mwenye laptopu ya Windows ana njia bora zaidi. Fungua dirisha la amri uandike ping -n 100 8.8.8.8 (hiyo 8.8.8.8 ni anwani ya Google), kisha usubiri. Zitashuka namba mia moja. Usikimbilie wastani ulio chini. Pitia namba zenyewe kwa macho. Siku moja, katikati ya namba hizo mia, nilikuta mfululizo huu: 81, 79, 84, 80, 612, 83, 78, 590. Wastani wa zote mia haukutisha. Lakini zile 612 na 590 ndizo zinazokuua: umejificha nyuma ya ukuta, kioo kinasita kidogo, ukirudi umeshalala chini. Pingi ya 150 iliyotulia nitaichagua siku zote kuliko ya 80 inayorukaruka. Tazama pia ni ngapi zimepotea njiani. Zikipotea mbili tatu kati ya mia, cheza kitu cha polepole siku hiyo.

Gemu ipi kwa pingi ipi

Hivi ndivyo ninavyoamua mimi. Ikiwa chini ya 100 na imetulia, cheza unachotaka, hata mpira na gemu za risasi. Kati ya 100 na 200, za risasi zinachezeka ukiwa mtu wa kulenga mbali na kupanga, ila usitarajie kumshinda mtu mkikutana ana kwa ana mlangoni. Mpira wa mtandaoni hapo unaanza kuwa mzito. Pasi inatoka baada ya beki kufika. Ikizidi 200, geukia gemu za kujenga kama Minecraft na za karata. Ikifika 600, yaani meli bado iko kwenye setelaiti za juu, kuna gemu za zamu, na hapo hakuna kinachoharibika: drafti, sataranji, ludo.

Naomba usizidharau hizi za zamu. Lichess ni ya bure kabisa, haina matangazo, inaendelea vizuri hata mtandao ukiwa mbovu, na ina mchezo wa barua ambapo kila mtu anapewa siku kadhaa kwa hatua moja. Mimi na mwanangu tuna mmoja unaoendelea muda wote. Mtandao ukikatika siku nzima katikati ya Atlantiki, hatua yake itanisubiri.

Tena kuna gemu zinazounganisha kifaa na kifaa bila seva katikati, hasa baadhi ya za mpira na za kupigana. Melini hizi husumbua hata pingi ikiwa nzuri, kwa kuwa vifaa vyote vya meli vinajificha nyuma ya anwani chache za mtandao na mwenzako hawezi kukufikia moja kwa moja. Konsoli ya PlayStation itakuambia una NAT aina ya 3, yaani njia ya kukufikia kutoka nje imebanwa. Hakuna unachoweza kubadili, kwa sababu ruta si yako. Chagua gemu yenye seva yake.

Na mechi za kupandia daraja ziache kabisa ukiwa baharini. Mtandao ukikatika, wenzako wanne wanabaki pungufu kwa kosa ambalo si lao, nawe unakula adhabu ya kutoroka. Cheza za kawaida.

Ukicheza na mtu wa nyumbani

Hapa ndipo nilipochelewa sana kuelewa. Nilidhani nikipata pingi ya 70 mambo yameisha. Lakini pingi yangu ya 70 ni ya kufika seva ya Marekani. Kutoka Miami hadi Mombasa ni kilomita kama 13,000. Mwanga ndani ya nyaya za baharini huenda kilomita 200,000 hivi kwa sekunde, kwa hiyo hata waya ungenyooshwa kama uzi, kwenda na kurudi ni milisekunde 130. Na waya haujanyooka: kutoka Mombasa unapitia njia ndefu ya Bahari ya Shamu na Ulaya. Mwanangu akiingia seva ya Marekani anasoma 250 na zaidi. Mimi nafurahia, yeye anaonewa na kila mtu, halafu ananiambia gemu hiyo haitaki tena.

Dawa ni kukutana njiani. Gemu inayokuruhusu kuchagua seva, chagueni ya Ulaya. Mimi nikiwa Karibi husoma 150 hadi 180, naye akiwa Likoni husoma karibu na hapo hapo. Hakuna anayefurahia peke yake, lakini tunaumia sawasawa, na mtoto wa miaka kumi na tatu anaijua haki akiiona.

Saa nazo zipangeni mapema. Mapumziko yangu ya mchana huanza saa nane. Miezi ya kiangazi cha Marekani, saa nane mchana ya Miami ni saa tatu usiku ya Likoni. Wakirudisha saa zao mwezi Novemba, inakuwa saa nne usiku. Siku za shule mama yake hakubali, naye ana haki. Kwa hiyo Jumamosi ndiyo siku yetu. Tena ukumbuke kwamba meli hubadilisha saa zake ikihama pwani, wakati mwingine usiku mmoja hadi mwingine. Simu yako ibaki na saa ya nyumbani pembeni ya saa ya meli.

Kuhusu sauti: msipige simu ya WhatsApp juu ya gemu. Vyote viwili vinagombania njia moja, na sauti inayochelewa inawafanya mkatizane maneno. Tumia kipaza cha ndani ya gemu. Kikikwama, andikianeni. Sisi tuna alama zetu: nikiruka mara mbili maana yake mtandao unanisumbua, nisubiri.

Bando: soma kilichoandikwa kwa herufi ndogo

Mkataba wangu wa pili nilinunua bando la bei ya chini, lililoandikwa la mitandao ya kijamii. WhatsApp ikaenda. Facebook ikaenda. Gemu ikafunguka, ikapakia asilimia mia, kisha ikazunguka tu. Nilikaa kwenye ngazi dakika arobaini nikizima na kuwasha simu, mwanangu akinisubiri upande wa pili. Kesho yake kijana wa dawati la intaneti akanieleza: bando lile lilifungua huduma chache zilizotajwa na kufunga kila kitu kingine. Pesa haikurudi. Tangu siku hiyo huuliza swali hili kabla sijalipa, nawe liulize hivi hivi: "Bando hili linaruhusu gemu za mtandaoni, au ni la kurasa na ujumbe tu?" Wakisema hawana hakika, nunua la siku moja ujaribu kwanza. Wewe abiria, bando likinunuliwa kabla ya safari mara nyingi bei yake ni nafuu kuliko ukilinunua ndani.

Baharia mwenzangu, fahamu pia kwamba Mkataba wa Kazi za Baharini wa mwaka 2006 ulifanyiwa marekebisho yaliyoanza kutumika tarehe 23 Desemba 2024. Yanataka mabaharia wapatiwe mawasiliano ya intaneti melini kadiri inavyowezekana, na kama kuna malipo yawe ya kiasi. Bei ya bando la wafanyakazi ikikuumiza, una pa kuanzia kuzungumza na wakubwa wako, kwa heshima.

Jambo jingine linalokula pesa za watu kimyakimya ni anwani ya simu yako. Simu za siku hizi, iPhone na Android, huficha anwani halisi ya kifaa na kutumia ya kubuni kwa kila waifai. Ikibadilika, mfumo wa meli unaona simu mpya, unakuambia umeshafikisha idadi ya vifaa, au unakutoa nje katikati ya mechi. Ingia kwenye mipangilio ya waifai, gusa jina la mtandao wa meli, zima anwani ya faragha kwa mtandao huo peke yake, ndipo uingie na bando lako. Ukishuka meli, iwashe tena. Na bando likiwa la kifaa kimoja, ondoka rasmi kwenye simu kabla hujaingia kwenye laptopu. Kuzima waifai tu hakutoshi. Mfumo bado unaihesabu simu.

Jambo la hatari kuliko yote: weka simu kwenye hali ya ndege tangu gati linapoachwa, halafu washa waifai. Meli nyingi zina mnara wa simu wa baharini unaowaka ikiwa mbali na pwani, na data ya mnara huo huja na bili ya kutisha.

Mahali na saa

Meli ni chuma. Ukuta wa kabini ni chuma, mlango ni chuma, sakafu ni chuma. Waifai inayovuka kuta tatu za nyumba ya matofali huku hufa kwenye mlango mmoja. Vile visanduku vyeupe vinavyorusha waifai mara nyingi huwa kwenye dari ya ujia ulio nje ya mlango wa kabini, kwa hiyo abiria anayekaa kwenye roshani ili apate mtandao mzuri anajidanganya: setelaiti haizungumzi na simu yake, inazungumza na dishi lililo juu ya meli. Sogea upande wa mlango. Kwenye meli yangu ya sasa, kitandani kwangu napata mstari mmoja, lakini hatua kumi na moja kutoka hapo, kwenye kona ya ngazi karibu na chumba cha kufulia nguo, iko yote. Nimeweka ndoo niliyoifunika mto wa zamani, na wenzangu wameshapazoea kama kiti changu.

Saa nzuri ni abiria wakiwa nchi kavu. Meli ikifunga gati Cozumel au Nassau, watu elfu kadhaa wanashuka na mtandao unapumua. Saa mbaya ni mchana wa siku ya baharini, na jioni tu baada ya kuondoka bandarini, kila mtu anaporusha picha zake. Usiku wa manane kuelekea alfajiri kuko shwari, ila linda usingizi wako. Kazi inakusubiri saa moja.

Hali ya nje nayo ina usemi. Mvua nzito ya tropiki hudhoofisha mawimbi ya setelaiti. Kwenye njia za Alaska na mikono ya bahari ya Norwe, milima mirefu huziba anga, na setelaiti za ikweta kule huonekana chini kabisa karibu na upeo, kwa hiyo mlima mmoja unatosha kuzima kila kitu. Na ukiona pingi imeruka kutoka 80 hadi 600 bila sababu, huenda meli imeingia maji ya nchi ambayo haijaruhusu setelaiti mpya, ikarudi kwenye zile za zamani. Hapo fungua drafti yako na usubiri.

Kabla hujaondoka nyumbani

Pakua kila kitu nchi kavu. Gemu moja kubwa ya konsoli yaweza kupita gigabaiti 100, na sasisho moja tu laweza kumaliza safari yako yote bado linapakuliwa. Fungua kila gemu mara moja ukiwa bado nyumbani, maana gemu nyingi za simu huleta ramani na sauti za ziada baada ya kufunguliwa. Kisha zima masasisho ya kujiendesha, zima kuhifadhi picha mtandaoni, zima WhatsApp kupakua video za makundi. Sasisho likitoka ukiwa safarini, lisubirie bandarini. Mabaharia tuna vituo vyetu kwenye bandari nyingi, kama kile cha Port Everglades, Florida, na waifai ya huko imenisaidia mara nyingi.

Kwa wenye konsoli sina mengi. Televisheni za kabini nyingi zimefungiwa tundu la HDMI la kuchomekea konsoli, konsoli husumbuka na ule ukurasa wa kuingia wa meli, na ruta ndogo za safari kampuni kadhaa zimezipiga marufuku, pamoja na nyaya za kuongezea soketi zenye kinga ya umeme. Soma orodha ya vitu vilivyokatazwa kabla hujafunga begi. Chombo cha mkononi chenye kioo chake kinatosha. Gemu za kurushwa kutoka seva kama video, zile zisizopakuliwa, usizitegemee kabisa. Zinataka kasi kubwa na pingi ndogo kwa pamoja.

Jumamosi iliyopita tulikuwa kilomita nyingi kusini mwa Jamaika. Pingi 164, imetulia, seva ya Ulaya. Tulijenga nyumba ya ghorofa kwenye Minecraft mpaka mama yake akaingia kuzima taa. Alipotoka, mwanangu aliandika: "Baba nimeacha mlango wazi, malizia paa." Nililimalizia mapumziko yangu yalipokuwa yamebaki dakika sita.